Ngazi ya Shemeji

Jioni nilihesabu miganda ya nyasi za kuezekea, ikawa hamsini na minane. Asubuhi nikahesabu tena, maana nyasi zilizolala nje zina tabia ya kutembea. Ikawa sitini. Nikarudia. Sitini. Sokoni Tunduma nimeibiwa mara nyingi, lakini kuongezewa bila kuomba, hilo lilinitia wasiwasi. Miganda miwili ilikuwa imefungwa kwa kamba za mgomba. Yetu yote tulifunga kwa magome ya miyombo.

"Anayekuongezea bila kuombwa ana lake," niliwaambia wenzangu.

"Au ni Mungu," akasema mkubwa wetu, bibi mwenye wajukuu saba.

"Mungu angefunga vizuri zaidi."

Tulikuwa wanawake wanne wa kanisa, enzi hizo Mwingereza bado anatutawala. Kila Alhamisi tulikwenda kwa asiye na mtu, tukimtekea maji, tukimkandikia nyumba, tukimpalilia shamba. Alhamisi hiyo ilikuwa ya mjane mmoja aliyekaa kando ya njia ya Msangano. Mumewe alikufa kiangazi, paa lilikuwa limeoza, na mvua zilikuwa zimekaribia. Mdogo wa marehemu alitaka kumrithi. Mjane alikataa, alisema amebatizwa, na hawezi kuwa mke wa pili wa mtu. Shemeji yake hakugombana naye. Alipita tu nyumba kwa nyumba akisema kwamba nyumba ya ukoo huezekwa na wanaume wa ukoo, na wanaume wa ukoo hawana nafasi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mvua ya kwanza ingemletea mjane na watoto wake watatu, wamelowa.

Wanaume wa kanisa wenye nguvu walikuwa migodini, ng'ambo ya mpaka. Waliobaki walisema tuliombee jambo hilo. Tuliomba. Baada ya amina nikauliza nani anapanda paa. Wakatazama viatu vyao, na wawili hawakuwa na viatu.

Kukandika ilikuwa kazi ya wanawake. Kupanda paa, hapana. Walisema mwanamke akipanda, mwenye nyumba hufa. Nikawakumbusha kuwa mwenye nyumba hii alikwisha kufa bila msaada wetu.

Tukapanda sote wanne, kwa ngazi ndefu iliyolazwa juu ya paa toka chini hadi kileleni. Mjane alibaki chini akiturushia miganda. Kuezeka huanzia chini kwenda juu, kwa hiyo majani uliyokwisha kuyapanga yako chini yako, na huwezi kuyakanyaga. Jua lilipofika utosini tulikuwa karibu na kilele, tumekalia fito za juu, tukiimba vibaya. Hapo shemeji akaja, akaichomoa ngazi, akailaza chini, akaikalia.

"Haya, akina mama. Telezeni."

Alijua. Tukiteleza, kazi yote ya asubuhi inashuka nasi.

"Shemeji," nikamwita, "hiyo ngazi yako?"

"Ya kaka yangu. Kila kilichokuwa cha kaka ni changu."

"Basi hata paa bovu lilikuwa lako. Mbona hilo hukulirithi?"

Watu waliokuwa wakipita na mizigo yao wakasimama. Mmoja akatua kapu kabisa ili acheke vizuri.

"Mtashuka huyu akikubali kuja kwangu," akasema.

"Bei haipungui?"

"Haipungui."

"Basi hatununui. Rusha, dada!"

Mjane hakurusha. Alisimama na mganda kifuani, akitutazama mmoja mmoja, akiyatazama magoti ya bibi yaliyobana fito. Nikaona naye anahesabu: sisi wanne, yeye mmoja.

"Shukeni, mama zangu," akasema polepole. "Nitakwenda tu."

Bibi akajibu bila kugeuka. "Mwanangu, magoti haya yamepanda kwa ajili yako. Ukienda kwake, mimi nitafia hapa hapa juu, na kunishusha itakuwa taabu yenu. Rusha!"

Akarusha.

Ile hamsini na minane iliisha shibiri chache kabla ya kilele. Tuliyofungia kilele ni ile miwili ya kamba za mgomba. Nilikuwa nakaza fundo la mwisho nilipomwona mke wa shemeji akija, anaburuta ngazi ndefu, vumbi likimfuata. Vipandio vyake vilifungwa kwa kamba za mgomba, mafundo yale yale mabaya.

"Unafanya nini wewe?" mumewe akauliza.

"Naleta ngazi. Ile nyingine umeikalia."

"Nani kakutuma?"

"Jiko langu lina mafiga matatu, baba. Nimeyahesabu. La mke mwenzangu sikuliona."

Akailaza ngazi juu ya paa taratibu, asiharibu jani. Bibi akashuka wa kwanza, kwa makalio, bila haraka. Shemeji akabaki palepale juu ya ngazi yake. Hakuna aliyemwomba tena.

Mvua ilipokuja, mjane na wanawe walilala kwao, pakavu.

Jumapili mzee wa kanisa aliniuliza, mbele ya watu, ni nani aliyeturuhusu wanawake kupanda paa. Nikamwambia wiki iliyopita tulikuwa wanne na ngazi ya kuazima. Sasa tuko sita, na ngazi ni yetu. Ahesabu mwenyewe, mara mbili akipenda.