Fungu la Mtu wa Nyumbani

Ukitaka kunikasirisha mpaka leo, niite ndugu yako halafu uniwekee chakula mezani.

Nilikuwa Kampala miaka ile vita imekwisha na maduka ya Nakivubo yanafunguliwa moja moja. Nilikuwa nauza vitambaa. Ukisema Kiswahili sokoni, watu wanakutazama kama umeshika bunduki, maana kwao ilikuwa lugha ya askari. Kwa hiyo siku niliyomsikia mwanamke mmoja mwenye hoteli akigomba kwa Kiswahili cha kwetu Kenya, nusura nilie. Tangu hapo sikula kwingine. Aliniita kaka, nikamwita dada, na Jumapili tulisali kanisa moja.

Ulimi wake sasa, wacha tu! Mteja akiuliza mbona nyama ni kidogo, anajibiwa, "Nenda ukachinje yako." Akirudisha supu, anaonyeshwa mlango. Mimi nacheka kwenye kona yangu, najiona mwenye nyumba. Kwangu alikuwa asali tupu: "Kaka, kaa, chako kiko tayari."

Basi mama yangu akaja kunitazama. Alikuwa ameshamzika ndugu yangu, na hakutaka nibaki kwa watu. Akasema waziwazi: akiona ninakula vizuri na kuna mtu ananijali, ataniacha; la sivyo, tunarudi wote. Nikamwambia, mama, kesho utamwona huyo mtu.

Nikaagiza luwombo ya kuku. Kila fungu hufungwa peke yake kwenye jani la mgomba, likakazwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa hivyo hivyo kwa mvuke tangu asubuhi, na raha yake ni kulifungua mwenyewe mezani, ukijua hakuna mkono mwingine uliokutangulia. Dada akatuletea yeye mwenyewe, akapiga goti kumsalimu mama kama wafanyavyo wenyeji. Mama akatabasamu, akanitazama, nikajua nimeshinda.

Kisha mama akashika kamba. Jani lilikuwa laini, limelowa mvuke. Kamba ilikuwa kavu, nyeupe, imechanwa sasa hivi. Akaifungua. Ndani ya mchuzi palikuwa na paja la kuku lililogugunwa nusu, alama za meno zinaonekana wazi.

Nilimfuata dada jikoni. "Dada, umempa mama yangu makombo ya mtu?"

Wala hakushtuka. Aliendelea kupangusa sahani. "Punguza sauti, kaka. Hawa wa nje wakiona kasoro wanarudisha, wananitangaza mji mzima. Hao lazima niwape kizima. Wewe ni mtu wangu, huwa hulalamiki."

"Umeanza lini?"

"Lini nini? Si siku zote unakula na kushukuru?"

Jamani! Siku zote. Na mimi nikirudi dukani nasifu mkono wake, nawaambia wenzangu waje.

Niliporudi mezani, mama alikuwa amelikunja lile jani na kulisogeza pembeni. Alisema tu, "Umekonda, mwanangu. Kafunge mizigo."

Tukitoka, palikuwa na mteja karibu na mlango anatukanwa kwa sababu ameuliza chumvi. Mbele yake luwombo haijafunguliwa, kamba imeiva mpaka imekuwa kahawia. Nilimwonea wivu mtu yule, haki ya Mungu.