Ng'ombe Aliyehamishwa Chapa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mkuu wa Picha kule Arusha alinikabidhi kamera, filamu mbili na onyo. "Kijana, ukifika kwenye gari lililoanguka, kila aliyesimama pale ana sababu ya kusimama. Piga kwanza, salimia baadaye." Nikazihesabu filamu, kisha nikazihesabu tena mbele yake. Akasema, "Wewe utadumu."

Kazi yetu ilikuwa kupiga picha za mali ya serikali iliyoharibika: maghala yaliyoungua, nyumba za kubomolewa, magari yaliyopinduka. Nilianzia Oldeani, kwenye nyumba kuukuu za walowezi. Moja niliipiga ikiwa na milango minane. Wabomoaji walipofika wiki iliyofuata, walikuta mitatu. Nikaelewa kwamba picha yangu ilikuwa ya kuonyesha kilichokuwepo kabla watu hawajakionea huruma.

Baadaye nikahamishiwa Karatu, chini ya Mkaguzi wa Magari, mtu aliyekuwa anaishuku hata spidomita iliyosimama. Tulielewana vizuri sana.

Miaka ya themanini ilipoingia, tairi jipya lilikuwa adimu kuliko dereva mzuri. Ndipo lori letu likachomeka pua mtaroni, kwenye kona za kupandia ukingo wa kreta. Dereva alikuwa Boay, mtu wa Endamarariek, mpole mno, na mimi wapole niliwatazama mara mbili. Maelezo yake yalikuwa mafupi: tairi la nyuma kulia, kipara, ndilo lililopasuka. La kushoto lilikuwa jipya, alilokabidhiwa wiki ileile, na alipoondoka kwenda kuripoti aliliacha likiwa zima.

Nilifika mchana ule, nikapiga kutoka nyuma. Ubao wa nyuma ulishachukuliwa na watu, pamoja na namba. Upande mmoja wa lori ulikuwa umezama kwenye nyasi. Upande wa pili kipara kilichochanika kilionekana wazi. Ng'ombe walikuwa wanapita, mmoja akaingia kwenye picha. Sikumfukuza. Kesho yake lori lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina hata tairi moja.

Kwa hiyo ushahidi ulibaki picha yangu, maana upande wenyewe sikuuandika wala kuukumbuka. Na kwenye picha, kipara kilichopasuka kilikuwa kushoto, mahali pa tairi jipya.

"Una hakika?" Mkaguzi aliniuliza.

"Nimeitazama mara mbili, mzee."

"Basi kaliuza jipya, kafunga bovu." Alikwishaandika barua ya kumsimamisha, ya polisi ilikuwa inasubiri sahihi.

Boay aliitwa ofisini. Aliikodolea macho ile picha. "Hili lori ni langu," alisema, "lakini sijui limefanyaje."

Shahidi alikuwa Mzee Lekishon, mfugaji aliyeona lori likitumbukia. Alipewa picha aonyeshe tairi. Tairi hakulijali. Aliisogeza dirishani, kisha akanigeukia.

"Ero, kijana, ng'ombe wangu umemfanya nini?"

"Sijamgusa, mzee."

"Huyu ni wangu, na pembe yake iliyovunjika naijua. Sisi ukoo wetu tunachoma chapa kulia. Hapa iko kushoto. Umemhamisha chapa, au umemhamisha ukoo?"

Karani alicheka. Mkaguzi alisema, "Mzee, tunaulizia tairi."

"Nyie ulizeni tairi. Mimi naulizia ng'ombe."

Mimi sikucheka, maana nilishaelewa. Filamu ina pande mbili, mmoja unang'aa, mwingine umefifia kwa dawa. Ukiiweka kinyume kwenye mashine ya kukuzia, picha inatoka nzuri kabisa, ila kulia kunakuwa kushoto. Niliitazama mara mbili kweli, lakini mara zote mbili ni karatasi niliyoitazama, si filamu.

Ningeweza kusema macho ya mzee yamechoka. Karani angeniunga mkono. Boay alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja kofia yake na kuikunjua.

"Naomba niilete filamu," nikasema.

Tuliiinua kwenye mwanga. Kipara kilikuwa kulia, na chapa kulia.

Mkaguzi alinigeukia. "Kwa hiyo mshukiwa sasa ni nani?"

"Wa tairi jipya, sijui. Wa picha, ni mimi."

Barua mbili zilichanwa, ikaandikwa ya tatu, ya onyo, yenye jina langu. Mzee Lekishon hakuondoka mpaka nilipomsafishia picha nyingine, ng'ombe akiwa upande wake halali.

Boay alirudi kwenye usukani. Alinipa lifti miaka mingi, mpaka sote tulipostaafu, na kila nikipanda alisema, "Zungukia kushoto, fundi. Kushoto ni huku."

Vijana huniuliza kazi ile ilinifundisha nini. Nawaambia niliwashuku wezi wengi, na wengi wao walikuwa wezi kweli. Yule mmoja ambaye hakuwa mwizi, nilibakiza sahihi moja tu kumpeleka polisi. Tunakutana sokoni Karatu, tunasalimiana vizuri. Kama alinisamehe hajaniambia, na mimi sijamuuliza, kwa sababu jibu lake nalishuku.