Chapa ya Kichina kwenye Beseni Langu

Nilipoolewa Kabazi, miaka ile ya hamsini, nilikuja na beseni jeupe la bati ambalo mama yangu alininunulia kwenye duka la Mhindi mjini Nakuru. Ndani, chini kabisa, palikuwa na alama nyekundu: visanduku na misalaba, pande mbili zinazofanana, zimesimama sambamba kama ng'ombe wawili waliofungwa nira. Nililipenda beseni lile kuliko viatu vya harusi, ambavyo vilinibana.

Mama mkwe alilitazama, akamwita mumewe.

Baba mkwe alichunga ng'ombe wa mzungu, na alijua chapa ya kila mlowezi kuanzia kwetu hadi Molo. Mashambani mle kitu chenye chapa kilikuwa cha mzungu tu: ng'ombe, gunia, hata jembe. Kikionekana nyumbani kwako, familia nzima inafukuzwa shambani. Aliligeuzageuza beseni, akatikisa kichwa.

"Hii chapa siijui," alisema. "Huyu ameiba mbali."

Mimi! Wali wa harusi bado uko tumboni, tayari nimekuwa mwizi. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Mume wangu, shujaa wangu, akakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa.

Mama mkwe hakulaza damu. Asubuhi alilifunga beseni kwa leso, tukaenda naye mpaka Nakuru, kwenye duka lile la Mhindi.

Mwenye duka alicheka.

"Hii si chapa ya mzungu, mama. Hii ni neno ya Kichina, inasema furaha. Siku ya kawaida wanaandika moja. Siku ya harusi wanaandika mbili pamoja, wanaweka kwa mlango, kwa blanketi, kwa beseni. Moja ya bwana, moja ya bibi. Huyu msichana mama yake alinunua hapa hapa."

Nikageuka, kidevu juu, nipokee samahani yangu.

Mama mkwe alikuwa amelikumbatia beseni, akipitisha kidole polepole juu ya neno lile, upande mmoja tu.

"Ya bwana ni hii?" alimwuliza mwenye duka.

"Ndiyo, mama."

"Basi hii ni yangu. Mimi ndio nilimzaa."

Saa ile ile niliyoondolewa wizi, nikaibiwa. Na kwa kuwa beseni halikatiki, nusu yangu nayo ilienda kukaa kwake.