Somo la Utulivu Nililolikimbia Mwenyewe

Aibu hii siwezi kukaa nayo peke yangu. Hapa Goma ninafundisha vijana waliokimbia vita. Mlango ukibamizwa na upepo tu, nusu yao wako chini ya madawati. Kwa hiyo kila asubuhi ninawafundisha kufumba macho, kupumua polepole na kutulia.

Jumanne prefe, mkuu wa shule yetu, alikuja kuona kama somo hilo lina maana, au nirudishwe kwenye hesabu. Nikavimba kwa maringo.

"Hata mukisikia kelele gani, musifungue macho!"

Papo hapo sakafu ikatetemeka, ngurumo ikafuata. Mimi mzaliwa wa Goma nilijua moja tu: volkano! Nilipiga yowe, nikampita prefe, nikaruka dirishani. Kiatu kimoja kikabaki darasani.

Nje, lori lilikuwa linamwaga mawe ya kujengea choo cha shule. Dereva alinitazama, ndizi mdomoni.

Nikachungulia ndani. Vijana wote walikuwa wamefumba macho, wakipumua. Hata prefe. Furaha, binti aliyekuwa mwoga kuliko wote, akafungua jicho moja.

"Madame," akaniita kwa upole, akinionyesha nafasi kwenye dawati lake, "rudia ndani, ikala hapa karibu yangu. Tutakufundisha."