Mwangaluka Haitoki

Watu wakisimulia hip hop ya nchi hii huanzia Dar es Salaam na kuishia huko huko. Sina ugomvi na Dar es Salaam. Lakini mimi nilikuwa Tabora, na tulikuwa tukighani kabla wengi wa wanaohojiwa leo hawajashika kipaza sauti.

Tulikuwa watatu. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa mjini, nimekulia madrasa na kaswida za maulidi. Wa pili alikuwa mwanakwaya wa Moravian, mpole, ambaye mdomo wake ulitoa ngoma na besi bila chombo chochote. Wa tatu alitoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mtoto wa wazazi waliokimbia Burundi. Huyo ndiye aliyetuzidi kwa mistari, na sote tulilijua hilo.

Wimbo wetu wa kwanza ulianza na salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, mwangaluka, kisha ukaingia moja kwa moja kwenye mashamba ya tumbaku: mikono inayonata utomvu, na jani zuri ambalo likifika kwa mpangaji wa madaraja ya bei sokoni linaitwa takataka. Majirani walipomwambia baba kwamba binti yake anapayuka na wanaume, alisimamisha cherehani akawauliza kama kuna neno la uongo ndani ya wimbo. Hawakulipata. Akaendelea kushona.

Tulipanda treni kwenda Dar kumwona prodyuza mmoja mwenye jina. Alisikiliza amefumba macho, tukapata matumaini. Halafu akatoa masharti. Mwangaluka itoke, kwa kuwa mjini hakuna anayeielewa. Mwenzetu wa tatu aseme ametoka Tabora tu, Ulyankulu asiitaje, watu wasije wakamwita mkimbizi. Kisha akanigeukia.

"Dada, una sauti tamu. Wewe imba kiitikio. Kurap waachie kaka zako."

Nilimuuliza mistari yangu ataisema nani. Akasema tutampa mmoja wao. Yule mwanakwaya, ambaye sikuwahi kumwona akibishana na mtu, aliinuka na kuchukua kofia yake.

"Ahsante, kaka," alisema. "Sisi tunarudi nyumbani."

Kwenye treni nililia kwa hasira kutoka Morogoro hadi Dodoma. Mwenzetu wa Ulyankulu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yuko tayari kukaa pembeni ili sisi wawili tutoke. Nilimwambia akilirudia neno hilo nitashuka kituo kinachofuata. Hakulirudia.

Tulirekodi wenyewe, Tabora, katika chumba nyuma ya karakana ya seremala rafiki wa baba. Tuliegemeza magodoro ukutani na kungoja Ijumaa adhuhuri, mafundi wanapokwenda msikitini na misumeno kunyamaza. Mmoja aliwahi kurudi, na nyundo yake inasikika mwishoni mwa wimbo. Tuliiacha.

Redio za Dar hazikuupiga. Ulisambaa kwa mafundi simu, waliouweka kwenye kadi za kila aliyewapelekea simu. Tulipoalikwa kijijini Goweko, siku ya soko la tumbaku, nilidhani tutaimbia watu ishirini. Uwanja ulijaa.

Tulifika ubeti wa madaraja, jenereta likazimwa. Aliyelizima alikuwa karani wa soko, naye hakujificha. Alisimama pale mkono ukiwa juu ya mashine, akatuambia tumekuja kuburudisha, si kuchochea. Nikamtazama mwanakwaya wetu. Akaanza kupiga ngoma kwa mdomo, na mimi nikaurudia ubeti ule kuanzia neno la kwanza, bila kipaza sauti, nikipaza sauti mpaka koo likauma. Mama mmoja aliyekuwa amekalia robota la tumbaku akaanza kupiga makofi. Wakafuata wa pembeni yake, kisha uwanja mzima, na mwenzetu wa tatu alipotaja Ulyankulu walimshangilia kama mtoto wao. Karani aliliwasha jenereta mwenyewe. Hatukulihitaji tena.

Miezi michache baadaye prodyuza alipiga simu. Sasa aliutaka wimbo, salamu ibaki, na mimi nirap. Suala la Ulyankulu, alisema, tutaliangalia. Nikamjibu kwamba hakuna la kuangalia, nikakata simu.

Hatukupata tuzo wala kwenda Ulaya. Mwanakwaya sasa anafundisha kwaya. Wa Ulyankulu alipewa uraia, analima mahindi na bado anaandika kuliko sisi. Mimi nashona dukani kwa marehemu baba. Wapo wanaosema tulipoteza bahati kwa kiburi. Kama kukataa kukatwa ulimi ni kiburi, basi ninacho, na sijakitubia.

Mwaka jana mtangazaji kijana alitualika studio. Alitutambulisha kama wakongwe, akauliza kama najutia ile safari ya Dar.

"Hapana," nikasema.

Mtangazaji akaomba tuchane mistari kidogo, ule wa zamani, dakika moja tu. Tukampa mpya, kuhusu mabomba ya mtaani kwetu yanayotoa upepo badala ya maji. Alitazama saa mara mbili. Tuliuimba wote, beti nne, hatukuruka hata mstari.