Refa wa Kisimani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naishukuru mpaka leo. Nilikuwa mwandishi kijana wa habari za michezo, nikiishi mjini, mtaa wa Makole, nikatumwa kijiji kimoja cha wilaya ya Chemba kuandika habari za mechi. Mechi yenyewe haikuchezwa. Uwanja ulikuwa mtupu. Watu wote walikuwa kisimani.

Mtu mmoja, Yona, alikuwa ameziba kisima kwa miiba. Shemeji yake, Mama Hawa, mjane wa kaka yake, alisimama pale na ng'ombe ambao hawakuwa wamekunywa maji tangu jana yake. Niliwapa wazee shikamoo. Mmoja wao, Mzee Salimu, akaniuliza kazi yangu. Niliposema naandika mambo ya mpira, akafurahi: walikuwa wanatafuta refa.

Nikacheka, nikamwambia sina filimbi.

"Filimbi ya nini?" akasema. "Refa wetu hapulizi. Anasikiliza mpaka mtu amalize."

Neno refa nilidhani nalijua. Kwa Waingereza ni mtu wa kusimamisha mchezo. Bibi yangu wa Buigiri, katika Kigogo chake, alimwita hivyo anayewagawia watoto chakula. Wanakijiji hawa wenye Kisandawe chao walimpa jina hilo mgeni asiye na shamba wala mifugo pale.

Mama Hawa akaniletea maziwa. Kiu ilinishika, nikanyoosha mkono. Mzee Salimu akanizuia taratibu.

"Bado, mjukuu wangu. Ukinywa kwake, Yona hataongea."

Nikayaweka chini. Yona akaongea sana, mara Kiswahili, mara Kisandawe, nami sikumkatiza hata pale nisipoelewa. Mwishowe likatoka lililomkaa moyoni: kisima walichimba wawili, yeye na marehemu kaka yake, lakini kijiji kizima kinakiita cha marehemu.

Mama Hawa akainamisha kichwa. "Kweli, shemeji. Uji nilikuwa nawaletea nyote wawili mkichimba. Nami niliwaacha watu wakiite cha mume wangu."

Yona akaanza kuondoa miiba mwenyewe, akinung'unika kwamba ng'ombe wa shemeji yake wana kelele kuliko wabunge.

Mwanangu, ukiitwa kati ya watu wawili, usipokee cha upande mmoja, wala usikimbilie kuhukumu. Mwache aliyekasirika aongee mpaka aishiwe maneno; mara nyingi kinachomuuma sicho anachogombania. Mungu amrehemu Mzee Salimu aliyenifundisha hilo. Nawe akujalie subira ya kusikiliza, na kila nyumba utakayoingia uiache na amani.