Rundo la Mikono Miwili

Sikumpenda yule bwana kabla ya msiba wa kaka yangu, na baada ya msiba nilimchukia. Nalisema hili mapema ili asiyetujua asije akadhani nilikwenda kucheza naye kwa ajili ya burudani.

Ni jirani, nyumba yake iko ng'ambo ya barabara iendayo Ruaruke, na kwa miaka alikuwa mwenzake kaka yangu katika karata. Alizika pamoja nasi. Alishika jeneza mpaka makaburini, akala ubwabwa wa hitima. Kisha shemeji yangu, mjane wa kaka, angali ndani ya eda, yule bwana akaja na jembe na fagio, akaanza kusafisha chini ya mikorosho mitano iliyo nyuma ya dirisha la chumba cha shemeji.

Nilimkuta anafagia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anaandaa miti yake, msimu unakuja. Kaka aliiweka dau kwenye poka miezi michache kabla ya kufa, akaipoteza, na walioshuhudia wapo. Niliwafuata walioshuhudia. Ilikuwa kweli.

Kwetu mtu anaweza kumiliki miti kwenye ardhi ya mwenzake, hilo si ajabu. Lakini mikorosho ile ndiyo kitu pekee kinachozaa alichoacha kaka. Shamba la bondeni lilikwenda na mafuriko. Bila miti ile, shemeji angemaliza eda na kurudi kwao Utete na watoto wake, mikono mitupu.

Poka ile kaka aliitoa kwenye kambi ya watalii huko juu ya mto, alikokuwa akiosha vyombo. Wapishi walimfundisha, naye akatufundisha sisi. Kila mtu anapewa karata mbili za kuficha. Nyingine tano zinafunuliwa katikati, kidogo kidogo, na kila zinapofunuliwa unaweka dau, au unafuata dau la mwenzako, au unatupa karata zako na kuacha ulichokwisha kuweka. Dau halina kikomo. Ukitaka kuweka kapu zima, weka. Sisi tuliweka korosho ghafi zilizobaki baada ya mauzo, na hatukuzihesabu, tulipima kwa mkono: konzi, yaani zinazoenea kwenye ngumi moja, ukufi, yaani kiganja kilichojaa, au mikono miwili pamoja. Anayefuata alilinganisha rundo kwa macho.

Kaka alisema karata za mtu huwezi kuziona, lakini mkono wake unauona. "Anayetaka umfuate atakuwekea kidogo, usiogope. Anayetaka uondoke ndiye atakayekuwekea rundo."

Yule bwana mwanzoni alikuwa hivyo hivyo. Akiwa na karata nzuri aliweka konzi, akiwa hana kitu alichota kwa mikono miwili. Sote tukamjua, tukamla. Basi akabadilika. Akawa anaweka mikono miwili kila mara, awe nazo asiwe nazo, na rundo lake likawa halisemi neno. Kuanzia hapo alitushinda wote isipokuwa kaka. Yeye, rundo likimwagwa mbele yake, aligeuza uso akatazama barabarani, kisha akafuata au akatupa. Mara nyingi alikuwa sawa. Mimi nilidhani anamdharau, na nilifurahi.

Nilimwambia yule bwana tucheze. Mikorosho mitano ya kaka kwa mitano yangu, kila mtu aje na kapu lake, atakayemaliza kapu la mwenzake achukue miti yote. Aliegemea fagio lake akacheka.

"Bwana mdogo, unataka nije nifagie na kwako?"

Kamari ni haramu, hilo nimefundishwa tangu chuoni nikiwa mtoto. Nilikwenda najua.

Tulikaa baada ya adhuhuri kwenye banda la mashine ya kusaga iliyokufa, na meza yetu ilikuwa bati juu ya ndoo. Watu walijaa mlangoni. Alinisema tangu karata za kwanza. Alisema kaka yangu angalau alikuwa anacheza, mimi nimekuja kulia. Alisema macho yangu mekundu yatamchafulia karata. Mmoja wa watazamaji akamwambia amwache mtu na msiba wake, akajibu kwamba msiba haukuletwa na yeye.

Nilikaza macho usoni mwake kutafuta chochote, sikupata. Aliweka mikono miwili, nikatupa. Akaweka mikono miwili, nikatupa. Safari moja nikafuata, akafunua wafalme watatu, akazoa. Kapu langu likashuka chini ya nusu. Yeye kati ya mchezo na mchezo alikuwa akichambuachambua korosho zake kwa vidole, hizi kushoto, hizi kulia, kama alivyozoea. Tulidhani ni mikono isiyotulia.

Kisha nikapata jozi ya tisa, na zilizofunuliwa katikati hazikunisaidia wala hazikunitisha. Akachota, akamwaga. Wakati ule nilikuwa nimechoka kuuona uso ule, maana kila nikiutazama namwona ameshika jeneza. Nikageuza macho barabarani. Ndipo nikasikia.

Zilianguka kwenye bati kwa mlio mkavu, kama maganda matupu. Mkulima yeyote aliyewahi kupeleka korosho ghalani anaujua mlio ule. Ni korosho ambazo hazikujaza, zinazoelea ukizitia majini, zile ambazo karani huzirudisha. Marundo yake yaliyotangulia yalianguka kwa kishindo.

Ubahili wake ulikuwa umemshinda. Alipokuwa na uhakika wa kushinda aliweka nzito, kwa kuwa zingerudi kwake pamoja na zangu. Alipokuwa anadanganya alichota za kushoto, mbovu, ili akipoteza asipoteze kitu. Ukubwa wa rundo alikuwa ameufundisha kunyamaza, lakini uzito hakuufundisha.

Nilifuata. Hakuwa na kitu.

Kuanzia hapo sikumtazama tena. Zikianguka nzito natupa, zikilia kavu nafuata. Kapu langu likapanda. Akaacha kunitania, akaanza kufoka.

"Nitazame mimi unapocheza na mimi."

Sikugeuka. Baadaye mbovu zikamwishia, zote zilikuwa kwangu, na upande wake zikabaki nzito tupu. Nilikuwa na jozi mbili mkononi na mezani. Alipeleka mkono kapuni akausimamisha. Kuchota nzito kwa ajili ya uongo kulimuuma, nilimwona kwa pembe ya jicho. Hasira ikampanda, akalinyanyua kapu akalimwaga lote.

Mlio haukunisaidia tena, zote zilikuwa nzito. Lakini rundo lilikuwa limerudi kusema. Mtu aliyeweka mikono miwili kila mara, leo ameweka kapu. Anataka niondoke. Nikasukuma kapu langu lote.

Alifunua karata zake mbili, gulamu na nne. Hazikushika chochote.

Shemeji nilimweleza kupitia pazia la mlango, kwamba miti imerudi na imerudi vipi. Akasema, "Miti ni ya watoto. Hizo korosho mrudishie mwenyewe, shemeji. Zisilale hapa."

Nikampelekea. Hakunikaribisha, wala sikutaka. Alisimama mlangoni akaniuliza jambo ambalo naona lilikuwa linamkera.

"Nduguyo naye alikuwa anageuza uso hivyo. Siku aliyopoteza miti hakugeuza. Alinikodolea macho tu. Kwa nini?"

Nilijua palepale. Wiki ile kaka alikuwa ametoka hospitali Mchukwi, amewekewa dripu za kwinini, na alikuwa akilalamika kwamba masikio yanavuma kama mashine ya kusaga. Ukizungumza naye ilibidi urudie. Alikwenda kucheza hasikii, akategemea macho, kama nilivyoyategemea mimi mwanzo.

Sikumwambia habari ya mlio. Acheze nao mpaka kufa kwake. Nilimwambia tu, "Alikuwa mgonjwa. Ulicheza na mgonjwa."

"Alikuja mwenyewe," akasema. "Nilimwambia akapumzike, akakataa."

Niliwauliza walioshuhudia, na hilo nalo lilikuwa kweli. Halikunipunguzia chuki, liliniondolea pa kuiweka tu.

Fagio lake lilikuwa limebaki limeegemea mkorosho wa dirishani. Kesho yake nilivuka nalo barabara, nikaliweka ukutani kwake. Sikupiga hodi.